“Nikatazame kofia za watu, zinifae nini?”

Swali la msomaji:

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Wete, umri wangu miaka 62. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Watoto wawili wako Unguja, mmoja yuko Maskati. Tangu ujana wangu nashona kofia za viua, sikushona kuuza, ni kupenda tu. Nimewashonea ndugu, wakwe, hata wanafunzi wangu walipooa. Ya mwisho nilikuwa nikimshonea yeye, imebaki nusu ndani ya sanduku na sindano yake. Eda ilikwisha zamani lakini mimi ni kama sijatoka. Nalala, nakula, nasali, ila kitu hakina ladha. Binti yangu ananambia mjini Unguja kutakuwa na maonesho ya kazi za mikono na hobi za watu, niende nikakae naye siku tatu, eti kwenda maonesho kunatibu akili. Mimi naona hayo ni maneno ya kwenye simu. Nikatazame kofia za watu, zinifae nini? Na kama kweli kunafaa, kunafaaje?

Jibu:

Waalaykum salaam, na shikamoo mwalimu.

Binti yako yuko karibu sana na ukweli, ila amelitia chumvi neno moja: “kunatibu”. Maonesho hayatibu. Yanaweza kukufaa kwa njia ambazo nitakueleza, na nadhani wewe hasa yatakufaa kuliko wengi, lakini kwanza niseme kuhusu ile sentensi uliyoipitisha haraka. Umetaja kulala, kula na kusali kama mtu anayetoa risiti, kisha ukasema kitu hakina ladha. Miaka yangu yote ya uuguzi wa afya ya akili imenifunza kulisikiliza neno hilo. Tukimshuku mtu kuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, maswali ya mwanzo kabisa huwa mawili. Katika wiki mbili zilizopita, je, umekuwa na moyo mzito? Na je, mambo uliyokuwa ukiyapenda yamepoteza raha yake? Mtu anaweza kulala vizuri na kumaliza sahani yake, na jibu la swali la pili likawa “ndiyo”. Nitalirudia hili mbele. Kwa sasa liweke pembeni, tuzungumze maonesho.

Hata neno lenyewe la hobi limetupa tabu. Wengine wanasema uraibu, lakini kwetu sisi uraibu ni tambuu na popoo, kitu cha kutafuna baada ya chakula, na ukimwambia mzee wa Wete kwamba una uraibu wa kofia atakutazama mara mbili. Mimi nasema hobi, basi. Nina maana ya kazi unayoifanya bila ya kutumwa na mtu wala kulipwa, na ambayo ukiikosa siku nyingi mikono inaitafuta. Kofia zako ni hobi. Njiwa wa jirani yako ni hobi, na chiriku kwenye tundu, na yule kijana anayechonga majahazi madogo yenye tanga na foromali kamili ilhali hayatoingia majini.

Sasa ushahidi, maana mwalimu hataki hadithi. Huko Uingereza kuna utafiti mkubwa unaowafuatilia watu waliopita miaka 50. Daisy Fancourt na mwenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwachukua humo watu 2,148 ambao mwanzoni hawakuwa na sonona, wakawatazama kwa miaka 10. Waliokuwa wakienda kwenye maonesho, makumbusho, tamthilia, sinema na mambo kama hayo kila baada ya miezi michache, uwezekano wao wa kupata sonona ulikuwa chini kwa asilimia 32 kuliko wasiokwenda kabisa. Waliokwenda mara moja kwa mwezi au zaidi, chini kwa asilimia 48. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwengine uliokusanya watu 93,263 wenye miaka 65 na kuendelea katika nchi 16, nao ukaona kwamba wenye hobi wana dalili chache za sonona, na furaha na kuridhika na maisha kwao ni zaidi.

Ungekuwa mwanafunzi wangu ungeshanyanyua mkono. Je, si kwamba mwenye afya na pesa ndiye anayekwenda maonesho, na mgonjwa anabaki kitandani? Ndivyo hasa, na watafiti wenyewe walilijua. Walipiga hesabu wakaondoa athari ya kipato, elimu, ugonjwa na upweke, na tofauti ikabaki. Lakini utafiti wa namna hii hauwezi kuapa kwamba hiki ndicho kilichosababisha kile. Tena katika zile nchi 16 hamna hata moja ya Afrika. Ni Uingereza, Marekani, Japani, China na nchi 12 za bara la Ulaya. Kwa hivyo sikwambii kwamba ukipanda boti Mkoani utashuka Malindi na asilimia 48 mkobani. Nakwambia kuna sababu nzuri ya kujaribu. Madaktari wa Montreal, Kanada, mwaka 2018 waliruhusiwa kumwandikia mgonjwa tiketi ya bure ya kwenda jumba la sanaa la mji wao, juu ya dawa zake, si badala yake.

Kunafaaje, umeuliza. Hapa ndipo penye utamu, na ndipo ambapo maneno ya kwenye simu hayafiki.

La mwanzo linahusu hamu. Wewe, kama wengi wanaonijia, unangoja hamu irudi ndipo utoke. Sonona na msiba mrefu zina hila moja: zinaichukua hamu kwanza, kisha zinakukalisha uingojee. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Peter Lewinsohn, aliliona hilo miaka ya 1970, na matibabu yaliyotokana na mawazo yake yanaligeuza jambo juu chini. Mtu anafanya kwanza, kidogo, kwa ratiba, hata kama moyo umelala, na hamu inakuja nyuma yake kama mtoto aliyekataa kufuatana na mamake sokoni. Kwa hivyo unaposema huoni maana ya kwenda, sikuchukulii kwamba umeshakataa. Hivyo ndivyo mtu anavyoona akiwa pale ulipo. Maana huonekana baadaye, pengine njiani wakati wa kurudi.

La pili ni siku yenyewe. Ulipokuwa unasomesha, kila wiki ilikuwa na mbavu: Jumatatu gwaride, Alhamisi kusahihisha, mwisho wa muhula mitihani. Kustaafu kumezitoa, na msiba ukaja juu yake. Tarehe moja iliyozungushiwa duara kwenye kalenda inazirudisha kidogo. Nani asiyejua kwamba usiku wa kuamkia Idi una raha yake peke yake, pengine kuliko Idi? Kupiga pasi nguo, kuuliza boti inaondoka saa ngapi, kufikiri utachukua zawadi gani ya wajukuu, hayo yote ni sehemu ya dawa kabla hujaliona hata banda moja.

La tatu nitalieleza kwa kisa changu, unisamehe. Mimi nakusanya stempu. Nyumbani wananiona mtu mzima anayehifadhi karatasi zilizokwisha kazi. Ninazo chache za mwaka 1895, zile za Uhindi zilizopigwa chapa ya neno “Zanzibar” kabla hatujawa na zetu, na ninazo za mwaka 1964 zilizopigwa muhuri wa “Jamhuri” juu ya zile za mfalme baada ya Mapinduzi. Kwa miaka mingi nikizitazama peke yangu usiku. Siku moja, katika maonesho madogo ya vitu vya kale, nikamwonesha mzee mmoja moja ya hizo za 1964. Hakuniuliza inauzwa kiasi gani. Aliisogeza kwenye mwanga, akanambia, “Hii muhuri wameupiga juu chini.” Basi. Nilikuwa nimekaa nayo miaka sita nikijua kwamba muhuri uko juu chini, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumwambia. Tulizungumza mpaka walinzi wakaanza kufunga milango. Kumbe raha ya kuona vitu vya watu ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa kwamba kitu changu kimeonwa na jicho linalojua.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako, mwalimu. Kofia za watu zitakufaa kwa kuwa wewe unajua kuzisoma. Mpita njia ataona kofia nyeupe. Wewe utaona kwamba huyu ametoboa kwa sindano nene mno, kwamba yule uzi wake umelegea upande wa kisogo, kwamba viua vya huyu vimepangwa na mtu mwenye subira kuliko wewe. Dakika hizo kumi akili yako haitakuwa na nafasi ya kuzungusha yale mawazo ya usiku, maana macho na vidole vyako vitakuwa vimeshaijaza. Mkono utataka kugusa. Utamuuliza mwenyewe, “Huu mzunguko umeuanzia juu au chini?” na atakutazama kwa namna ambayo hujatazamwa tangu lini.

Na la nne ndilo lililonigusa katika barua yako ingawa hukulitaja. Pale Wete kila mtu anakujua. Ni neema kubwa, na sitaki uidharau. Wangapi mjini wanafariki ndani na jirani hana habari. Lakini kwa miaka miwili kila anayekuamkia anakuamkia kama mjane wa fulani. Sauti inashuka, kichwa kinainama, “pole, bado tumo katika kumuombea.” Wanakupenda. Ila kila pole inakurudisha kwenye kiti kilekile. Kwenye maonesho utakuwa bibi mmoja mwenye baibui aliyeinama juu ya kofia na kuuliza swali la kitaalamu. Mtu asiyekujua atakujibu kama fundi anavyomjibu fundi. Sidhani kama kuna ndugu anayeweza kukupa hilo, hata akikupenda vipi. Wataalamu wanaopima upweke wanatukumbusha kwamba mtu anahitaji jamaa wa damu na marafiki wa ndani, lakini anahitaji pia watu wepesi, wa salamu na maneno mawili, wasiobeba historia yake.

Nisiyasifu kupita kiasi. Maonesho ya kwetu mengi ni soko lililovaa nguo ya maonesho. Ukienda yale ya biashara ya Januari, au Nanenane kule Dole, utapata bidhaa, vipaza sauti, na kila banda linakuuliza utachukua ngapi. Kazi ya mkono kwetu ikionekana nzuri tu, neno linalofuata ni “mradi”. Nakuomba sana, safari hii usichukue kofia za kuuza hata mtu akikushauri. Nimewaona akina mama waliokuwa wakisuka ukili kwa raha barazani, wakaingizwa kwenye kikundi, wakapewa oda ya mikeka mia na tarehe, na baada ya mwaka hawataki kuiona miyaa. Kuuza si dhambi. Lakini wewe kwa sasa unahitaji kitu kimoja maishani mwako ambacho hakidaiwi.

Lipo na la kujilinganisha. Utaona kazi za watu nzuri kuliko zako na moyo unaweza kusema, ona, wenzako walikuwa wanashona wewe umelala. Ukilisikia hilo, kaa chini, kunywa maji, urudi kwenye banda moja tu. Na siku ya pili baada ya kurudi nyumbani huwa nzito. Nyumba inaonekana kimya zaidi kuliko ulivyoiacha. Hiyo ni kawaida na haina maana kwamba safari imeharibika. Ipangie siku hiyo jambo kabla hujaondoka Wete: shoga wa kuja kunywa chai na kusikiliza habari, hata nusu saa.

Upande wa vitendo, mwambie binti yako hivi. Siku tatu zikae, lakini maonesho yawe asubuhi moja, saa tatu mpaka saa tano hivi, kabla jua halijapanda na watu hawajajaa. Asikuzungushe kila banda kama mgeni wa serikali. Chagueni mawili au matatu, na kila baada ya muda kuwe na mahali pa kukaa. Weka kiasi cha pesa mkononi, kikimalizika kimemalizika. Asubuhi ya pili akupeleke kwenye baraza lolote la mtaani ambako wanawake wanashona. Hayo nayo ni maonesho, bila kiingilio. Miaka ya nyuma ningemwambia akupeleke Beit el Ajaib ukauone mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja. Nikiwapeleka pale watu waliokuwa hawazungumzi, wakaanza kuhesabu mishono. Lakini sehemu ya jengo ile iliporomoka Disemba 2020, basi tena.

Kama kinachokuzuia ni bahari, usione haya kusema. Mpemba gani anaupita mkondo wa Nungwi bila ya kusoma dua, tangu ile Septemba ya 2011 ilipozama meli ya Spice Islander? Unaweza kuanzia karibu. Makumbusho ya Chake Chake yako ndani ya ngome ya zamani, ni mahali patulivu, na saa moja inatosha. Chamanangwe hapo kwenu kumekuwa kukifanyika maonesho ya Siku ya Chakula Duniani mwezi wa Oktoba, na pembezoni mwa mihogo na mbegu huwa wapo akina mama na vikapu vyao. Ukiniuliza mimi, safari ndogo nne kwa mwaka zina faida kuliko moja kubwa, na hata ule utafiti wa Uingereza ulihesabu ni mara ngapi mtu anakwenda. Chukua shoga mmoja. Mkirudi, mmoja wenu amwambie mwenzake kitu kimoja alichokiona ambacho mwenzake hakukiona.

Sasa nirudi kwenye ladha, kama nilivyoahidi. Miaka miwili ni mirefu kwa kitu kukosa ladha kila siku. Msiba hauna saa, na kumlilia mume wa miaka mingi si ugonjwa. Lakini sisi wauguzi, ikishapita miezi 12 na mtu bado hajatoka, kama ulivyosema mwenyewe, tunataka kumwona na kumsikiliza. Kwa hivyo kabla ya boti au baada yake, nenda spitali ya hapo Wete, umwambie daktari maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Akupime na presha, sukari na damu, maana upungufu wa damu au tezi ya shingo iliyolegea inaweza kujifanya huzuni. Hakuna atakayekukamata kukupeleka Kidongo Chekundu, spitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja. Najua watu wengi wakisikia “akili” wanaona geti lile tu. Wengi wa tunaowahudumia wanakuja kwa miguu yao, wanazungumza, wanarudi nyumbani kupika. Na ikitokea siku fikra ikakwambia bora usiwepo, hata kwa kunong’ona, hiyo usiisubirishe mpaka Jumatatu. Mpigie binti yako saa hiyohiyo na mtu akupeleke spitali.

Limebaki la ile kofia ya sandukuni. Sikwambii uimalize, wala sikwambii usiimalize. Hilo ni lako na lake. Lakini ukienda maonesho ningependa uwe na kazi yako mkononi, na ningeichukua hiyo kuliko zile zilizokamilika, kwa sababu kofia iliyo nusu inaonesha ndani yake, jinsi ulivyochora, ulivyotoboa, ulivyoanza kuzungusha uzi, na mshonaji mwenzako atakuwa na la kuuliza. Akikuuliza ya nani, unaweza kumjibu au ukasema tu bado naishona. Ila fungua sanduku leo uitoe ile sindano. Miaka miwili kwa hewa yetu ya chumvi lazima imeshafanya kutu, na kutu ikiingia kwenye kitambaa cheupe ina kazi kuitoa. Ukikuta doa, kamulia ndimu, tia chumvi juu yake, anika juani mpaka ikauke, kisha suuza. Rudia mara mbili au tatu.